Nilisema "Kidogo"

Kaka yangu hajaanguka kifafa kwa miaka sita. Kwenye faili lake hayo yameandikwa kuwa ni mafanikio, nami sibishi. Nimewahi kumtoa mtaroni akiwa na damu mdomoni. Nimewahi kumkuta amelala kando ya jiko la mkaa, mkono wake umebakiza kiganja kimoja kuufikia moto. Mtu ambaye hajaishi hivyo asije kunifundisha thamani ya miaka sita bila kuanguka.

Lakini mwezi uliopita nilikaa naye dukani kwake, Makorora, Tanga, akaingia mama mmoja. Alinunua nusu kilo ya sukari, akalipa, kisha akaweka noti nyingine juu ya kaunta. "Na ile elfu nne ya Jumamosi hii hapa, baba." Kaka akapokea, akatabasamu, akashukuru. Mama alipotoka, akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Elfu nne ya nini?" Hakuwa na habari. Hata jina la yule mama halikumjia. Alinyoosha kidole mlangoni akasema, "Huyu... huyu mama wa pale." Ni jirani yetu wa zaidi ya miaka thelathini. Mwanawe alikuwa rafiki yake wa kucheza gololi.

Kabla ya upasuaji, duka hilo halikuwa na daftari la madeni. Halikuhitaji. Kaka alijua nani anadaiwa kilo ya sembe tangu mwisho wa mwezi, nani alilipa nusu, na nani aliapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba ataleta kesho. Mtaa ulimwita Benki Kuu. Watu wawili wakibishana kuhusu deni lao wenyewe, lisilomhusu, walimwendea yeye, kwa sababu alikuwepo walipokopeshana na alichokisikia hakikumtoka.

Siku hizi madaftari ni matatu. Wapo wateja kama yule mama, wanaomkumbusha. Na wapo waliogundua.

Naandika haya kama mshtakiwa kabla sijawa mshtaki, kwa maana mkalimani nilikuwa mimi.

Tulikwenda India. Kiwanja cha baba kiliuzwa, ukoo ukachangishana, na mimi nikachaguliwa kumsindikiza kwa sababu nilikuwa nimemaliza chuo na Kiingereza changu kilikuwa kizuri. Siku moja kabla ya upasuaji, daktari alikuja na fomu ya ridhaa. Alikuwa mtu mpole, mwenye haraka. Alieleza hatari moja baada ya nyingine, nami nikazitafsiri: kutokwa damu, maambukizi, kupooza, kifo. Kaka alitikisa kichwa kwa kila moja. Kisha daktari akasema sentensi ndefu kidogo kuliko nyingine. Ilisema kwamba kwa vile upande unaopasuliwa ni wa kushoto, uwezo wake wa kukumbuka maneno na majina unaweza kushuka, na huenda usirudi.

Kaka akaniuliza, "Msomi, anasemaje huyu?"

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na hofu kwamba atakataa, na kiwanja kimeshauzwa. Nikasema, "Anasema unaweza ukawa unasahau sahau kidogo."

Akacheka. "Nani asiyesahau?" Akasaini.

Neno "kidogo" halikuwa kinywani mwa daktari. Nililiweka mimi. Na ninachotaka kusema hapa, kwa mwenye kuniunga mkono na mwenye kunipinga, ni kwamba upasuaji wa kifafa uliomaliza mianguko haujawa mafanikio kamili ikiwa mgonjwa hakujua, kwa lugha yake mwenyewe, ni kumbukumbu ipi anayoiweka rehani. Mianguko inahesabika kirahisi, kwa hiyo ndiyo tunayoihesabu. Kumbukumbu inataka mtu akae chini aulize, na mara nyingi hakuna anayekaa.

Dunia haiwezi kusema haikujua. Mwaka 1953, mjini Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27, Henry Molaison, ambaye kifafa kilikuwa kimemfanya ashindwe hata kufanya kazi. Scoville aliondoa sehemu za ndani za ubongo usawa wa masikio, pande zote mbili, pamoja na sehemu ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Ila tangu siku hiyo Henry hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya za maisha yake. Uliweza kuzungumza naye vizuri, ukatoka chumbani, ukarudi baada ya dakika chache, akakupokea kama mgeni.

Brenda Milner, mwanasaikolojia kutoka Montreal, alikwenda kumchunguza, na mwaka 1957 yeye na Scoville wakachapisha makala iliyobadilisha elimu ya ubongo. Baadaye Milner alimpa Henry kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kupitia kioo. Siku baada ya siku mchoro ukawa bora, ingawa kila siku Henry aliamini hajawahi kuugusa. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mkono unaweza kujifunza jambo ambalo mwenyewe halikumbuki. Henry aliishi hivyo miaka 55, akijulikana kwenye vitabu kwa herufi mbili tu, H.M. Alifariki mwaka 2008, na ubongo wake ukakatwa vipande vyembamba 2,401 ili uendelee kuchunguzwa. Wanafunzi wa saikolojia duniani kote wanamsoma. Kumbukumbu yake ndiyo iliyotufundisha makao ya kumbukumbu yako na yangu.

Scoville mwenyewe aliwaonya wenzake wasirudie. Leo huondolewa upande mmoja tu, ule wenye chanzo cha kifafa, na upande wa pili unabaki ukifanya kazi. Ndiyo maana kaka yangu si Henry. Ananijua, anajua alipo, anajua jana ilikuwa siku gani. Madaktari wanapenda kututuliza kwa tofauti hiyo, na ni tofauti ya kweli. Ila kutofikwa na yaliyomfika Henry hakumaanishi kwamba hujafikwa na kitu.

Kwa watu wengi, lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, na hipokampasi ya upande huo ndiyo inayobeba mzigo wa majina, orodha, maagizo na hadithi tulizosimuliwa. Mwaka 2011, Elisabeth Sherman na wenzake walikusanya tafiti nyingi za watu waliopasuliwa sehemu hii na kuzipima kwa pamoja. Miongoni mwa waliopasuliwa kushoto, kumbukumbu ya maneno ilishuka kwa takriban asilimia 44. Kwa waliopasuliwa kulia, ni takriban asilimia 20. Uwezo wa kutaja vitu kwa majina ulishuka kwa takriban asilimia 34 ya waliopasuliwa kushoto. Katika kila watu kumi wa upande wa kaka yangu, zaidi ya wanne. Hiyo ndiyo "kidogo" yangu.

Na hatari hiyo haiwaangukii watu ovyo kama mvua. Kuna wanaojulikana mapema kuwa wamo hatarini. Ikiwa hipokampasi imeshasinyaa na kupata kovu, na kumbukumbu ya mgonjwa imeshadhoofika, kuiondoa huchukua kichache kwa sababu kilichobaki ni kichache. Ikiwa picha ya MRI haionyeshi kovu, na mgonjwa ana kumbukumbu imara, basi kinachokatwa ni kitu kinachofanya kazi. Mwenye kingi ndiye mwenye kingi cha kupoteza.

Sasa mtazame Benki Kuu. Kifafa chake kilitoka kushoto. Picha zake hazikuonyesha kovu la wazi. Na kumbukumbu yake mtaa mzima ulikuwa shahidi. Kama kuna mtu aliyestahili kuketishwa chini na kuonywa kwa sauti kubwa, ni yeye. Kwa nini hakuonywa hivyo?

Jibu nililipata mwaka wa tatu baada ya kurudi, siku nilipofungua faili lake nikatafuta wa kumlaumu zaidi ya nafsi yangu. Humo mna ripoti ya vipimo vya kumbukumbu. Ninaikumbuka siku ile. Aliitwa chumbani, nami nikaambiwa nisubiri nje nisije nikamsaidia. Alisomewa orodha ya maneno 15, akatakiwa kuyarudia, akasomewa tena, mara tano, kisha akaulizwa baada ya nusu saa. Kipimo kizuri, kinachotumika kote. Tatizo ni kwamba alisomewa kwa Kiingereza. Kaka aliishia darasa la saba. Kiingereza chake kilikuwa cha majina ya sabuni na biskuti. Alitoka akicheka: "Maneno mengine yale sijawahi kuyasikia tangu nizaliwe. Nitayakumbuka vipi?"

Ripoti haikuandika kwamba hakuyajua maneno. Iliandika kwamba kumbukumbu yake ya maneno ni dhaifu sana, na kwa hiyo hatari ya kupoteza zaidi ni ndogo.

Soma tena hapo taratibu. Mtu aliyebeba madeni ya mtaa mzima kichwani alipimwa kwa lugha asiyoijua, akaonekana maskini, na kwa kuwa alionekana maskini, ikaamuliwa hana cha kuibiwa. Yule daktari mpole hakunidanganya aliposema kwa haraka. Karatasi iliyokuwa mbele yake ilimwambia hakuna cha kukawilia. Kati ya karatasi ile na ukalimani wangu, kaka alipita bila mtu hata mmoja kumwuliza swali rahisi ambalo mteja yeyote wa Makorora angelijibu: "Huyu bwana kumbukumbu yake ikoje?"

Najua nitakayojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa.

Wa kwanza husema, unaogopesha watu. Wagonjwa wetu wanazungukwa na maneno ya mapepo na kurogwa, hospitali yenyewe wanaiendea kwa kusuasua, nawe unaleta habari za kupoteza kumbukumbu. Hoja hii ina huruma ndani yake, lakini imejaa dharau. Inadhani mtu aliyeishi na kifafa miaka ishirini, aliyeungua, aliyefukuzwa kazi, aliyeachwa na mchumba, hawezi kubeba sentensi moja ya kweli. Mimi nilidhani hivyo hivyo kuhusu kaka yangu, nikiwa na shahada mkononi.

Wa pili husema, kifafa chenyewe hula kumbukumbu, kwa hiyo bora kisu. Huyu ana haki zaidi. Watafiti wa Bonn, Ujerumani, walichapisha mwaka 2003 matokeo ya watu 249 waliofuatiliwa kati ya miaka miwili na kumi, 147 wakiwa wamepasuliwa na 102 wakitibiwa kwa dawa tu. Kumbukumbu ilishuka kwa nusu ya waliotumia dawa, na kwa asilimia 60 ya waliopasuliwa. Waliopona mianguko walikuwa na nafasi nzuri ya kutengemaa kadiri miaka ilivyokwenda. Walioumia zaidi ni wale waliopasuliwa kushoto na bado wakaendelea kuanguka: walilipa bei na mzigo hawakupewa. Kwa hiyo kukaa bila upasuaji nako si salama, na mgonjwa aambiwe hilo pia. Ninachodai ni hesabu nzima, pande zote mbili za mizani. Sijadai nusu inayoniunga mkono.

Wa tatu husema, uhai kwanza. Mwaka 2001, huko Ontario, Kanada, Samuel Wiebe na wenzake walichapisha jaribio ambalo wagonjwa 80 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wapasuliwe na nusu waendelee na dawa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya kundi la upasuaji hawakuwa na mianguko ya kuwapotezea fahamu. Kwa kundi la dawa ilikuwa asilimia 8, na mmoja wao alifariki. Ushahidi huo ndio uliotupeleka India, na ningeupeleka tena. Lakini makala ile ile haikuficha jambo: kati ya 40 wa upasuaji, wawili walipungukiwa kumbukumbu ya maneno kiasi cha kuathiri kazi zao. Wao waliandikwa, wakahesabiwa. Ikiwa waliothibitisha faida ya upasuaji hawakuona aibu kuutaja upungufu wake, sisi tunaona aibu ya nini?

Jambo hili si la India wala Kanada peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa, dawa hazitoshi. Huko Mbale, Uganda, upasuaji wa sehemu hii ya ubongo umeshafanyika, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 2009. Unasogea nyumbani, na usogee haraka. Nasema hivi sasa, kabla haujawa jambo la kawaida, kwa sababu mazoea mabaya yakishaota mizizi hospitalini huitwa utaratibu.

Basi utaratibu tuuandike wenyewe. Mgonjwa apimwe kumbukumbu kwa lugha anayoiota usiku. Orodha ya maneno ya Kiswahili itengenezwe kwa Kiswahili, ijaribiwe kwa wauza duka, wavuvi na wakulima wetu wasio na kifafa, ili tujue mtu wa kawaida hukumbuka mangapi. Isiwe orodha ya kigeni iliyogeuzwa maneno kwa usiku mmoja. Aulizwe kazi yake inahitaji nini kichwani: dereva, mwalimu wa madrasa, fundi cherehani na Benki Kuu hawapotezi kitu kile kile. Mkalimani wa kusoma ridhaa asiwe ndugu aliyeuza kiwanja. Na baada ya kisu, mwaka mmoja, miaka mitano, mtu amwite tena amwulize zaidi ya "umeanguka mara ngapi?"

Halafu kuna wewe unayesoma hapa. Una simu mkononi na Kiingereza kichwani, na kwa sababu hiyo kuna siku utaitwa. Atakuwa shangazi yako, au mdogo wako, au baba. Utasimama kati ya kitanda na koti jeupe, na sentensi nzito itatua kwako kwanza. Utatamani kuipunguza. Utajiambia ni huruma. Nakwambia mimi niliyeonja: si huruma, ni kumwamulia mtu mzima maisha yake huku ukimwacha aweke saini. Sema sentensi yote. Kama Kiswahili chake hukijui, mwambie daktari arudie mpaka ukijue. Kama kaka yako anacheka, mwambie tena.

Mwaka huu nilimweleza ukweli. Nilikwenda dukani jioni, wakati wateja wamepungua, nikamwambia lile neno lilikuwa langu. Alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani amesahau nilichosema. Kisha nikamwuliza lililokuwa likiniuma: kama ningemwambia yote, angekataa?

"Ningekwenda," alisema. "Ningepasuliwa. Kuanguka mbele za watu hukujui wewe."

Nikashusha pumzi. Nilikuwa karibu kufarijika.

"Ila ningeanza daftari mapema," akaendelea. "Ningekaa wiki nzima na mama nimwandike yale aliyokuwa akinisimulia ya babu. Majina ya watu wote ningeyaandika. Nawe ungeniandikia, si ndiyo kazi yako? Kulikuwa na muda, mdogo wangu. Tulikaa India siku kumi na tatu tunatazama televisheni."

Mama alifariki mwaka mmoja baada ya sisi kurudi. Hadithi za babu alikuwa amempa Kaka, si mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kichwa cha kuzitunza.